Daftari Halina Vidole

Nina miaka hamsini na miwili na daftari jipya.
Nililinunua River Road, kurasa mia, jalada la buluu,
nikalijaza nilivyojaza mengine yote:
tarehe, mstari chini ya tarehe, kalamu nyekundu kwa vichwa.
*Kiganja wazi. Kifunge. Kisogeze mbele. Maana: njoo.*

Mumbe aliletwa darasa la tano, muhula wa pili.
"Hasikii, mwalimu, lakini anajua," mamake akasema,
akakimbilia Gikomba kabla marobota hayajafunguliwa.
Hakuniambia anajua nini.

Mimi nilisoma kwa sikio.
Jedwali la saba liliniingia kwa kukariri na kwa kiboko,
na kwa miaka ishirini na minane hapa Umoja
nimeamini kichwa ni debe,
mdomo wa mwalimu ni mfereji.

Wiki ya tatu. Daftari limefika ukurasa wa arobaini,
mikono yangu ingali bubu.
Nasimama mbele yake kama mtu aliyesahau funguo,
nafunua, nasoma, nainua kidole kisichohusika.
Mumbe anasubiri. Ana subira
ya anayemfunza mtoto kunywa uji kwa kikombe.
Siku moja nilimwambia, nadhani, keti nikuonyeshe,
kumbe nimetaja mbuzi.
Akacheka hadi akalilalia dawati.
Wenzake nao wakacheka,
bila kujua mbuzi katokea wapi.

Halafu Jumamosi, stima imepotea,
mshumaa juu ya jokofu, nakanda unga wa chapati.
Kanda, geuza, kunja,
na katikati ya kukunja
neno *rudia* likaja lote, bila ruhusa ya kichwa.
Nikasimama na unga hadi viwikoni.
Nikalisema tena. Na tena.
Lilikuwa limekaa kwenye kifundo cha mkono
kama mpangaji aliyekwisha kulipa kodi ya miezi mitatu.

Tangu hapo nasoma nimesimama.
*Gawanya* nilimpata nikikata sukuma wiki.
*Baki* nilimpata nikikamua shuka.
Ekidor, bawabu wetu, akaniuliza kama napigana na mbu.
Yeye hajui kuandika jina lake,
ila kila gari la nyumba sitini hulitambua kwa mngurumo
kabla halijakata kona; hutambua hata
nani amelewa, nani amepigwa kalamu.
Miaka sita nimepita langoni pake
nikijisemea: maskini, hakusoma.

Usiku huo sikulala vizuri.
Nilimkumbuka Anyona, wa mwaka wa elfu mbili na tatu,
aliyekuwa akigongagonga meza kwa vidole
kila nilipofundisha kugawanya.
Nilimtoa nje. Mara ngapi, sikumbuki.
Labda alikuwa anahesabu.

Jumatatu, akisami.
Nimechora duara, nimechora chungwa, nimechora keki
ambayo nusu ya darasa hawajawahi kuionja.
Mumbe akaja mbele. Hakuchukua chaki.
Akatoa mkobani kitambaa cha mtumba, chenye doa la chai,
akakikunja mara moja,
mara mbili,
mara tatu,
akakikunjua: mikunjo imeacha vyumba vinane.
Ndipo akachukua chaki, akapaka vitatu,
akakiinua juu kama bendera.

Kule nyuma Lempaka, ambaye sijawahi kumsikia
akijibu ila "nipo",
akasema, "Aaa."
Aaa ndefu, ya mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana.

Mumbe akanigeukia, akasema jambo kwa mikono, haraka.
Halimo daftarini.
Nililitafuta kichwani, nikakuta debe tupu.
Nikaweka kalamu mezani.
*Rudia*, nikamwambia, na safari hii hapakuwa na mbuzi.
Akarudia, polepole,
vidole vyangu vikifuata nyuma ya vyake.